Waliopanda Hawajashuka

Haya yalimpata Shakul Wanyera, mjukuu wa dada yangu Hajarah, na sehemu kubwa niliiona kwa macho yangu. Naandika Wanyera, kwa r. Kule Jinja wengi huandika Wanyela na hawaoni tofauti. Mimi nilikuwa mkalimani wa mahakama hapa Mbale mpaka nilipostaafu, na nilijifunza mapema kwamba herufi moja inaweza kumpeleka gerezani mtu asiyehusika.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine yoyote. Nilikuwa Jinja kwa daktari wa macho. Alipomaliza kunipima, Shakul alikuwa tayari amekwisha kushusha vitunguu vyake sokoni, akanipigia simu kwamba atanirudisha nyumbani kwa lori lake ili nisibanwe kwenye basi. Aliomba tu tupitie kwanza upande wa Wanyange, kwa fundi wa springi. Nilipanda mbele, nikaweka miwani yangu mipya mfukoni, tukaenda tukilitazama ziwa upande wa kulia.

Lori lile lilikuwa jipya kwa juu na zee kwa chini. Bodi ya mbao ilikuwa imepakwa rangi ya buluu, na turubai lilikuwa bado linanuka upya wa dukani. Lakini chesi, ile fremu ya chuma ya chini, pamoja na ekseli na springi, zilitoka kwenye gari lililokaa miaka mingi katika ua uliotelekezwa, miti ikiota katikati yake. Shakul hakujua lilikuwa la nani. Alisema chuma cha zamani hakina mwenzake.

Nyuma, kwenye ubao unaofunga bodi, aliandika kwa herufi kubwa nyeupe: PANDA GARI.

Nilipoyaona maneno yale mara ya kwanza nilimwomba ayafute. Alicheka. Alisema Busia makanga wote husema hivyo mchana kutwa, na kwamba hilo ni tangazo la biashara, mtu akiwa na mzigo ajue gari lipo.

"Nyinyi wazee," aliniambia, "kila neno la Kiswahili mnaliona limeshika bunduki."

Kwa msomaji asiyetoka Uganda nitaeleza kwa kifupi. Ilikuwepo miaka ambapo wenye bunduki walizingira mtaa mchana, wakawatoa watu majumbani na madukani, na kuwaambia maneno hayo mawili. Waliopanda, wengi hawakuonekana tena. Mpaka leo wapo watu wa rika langu ambao hawakai chumba kimoja na mtu anayeyatamka kwa mzaha. Shakul alizaliwa baada ya hayo yote. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye mke aitwaye Jaliah, na mtoto wao wa kwanza alikuwa njiani.

Fundi wa springi aliitwa Odongo. Alikuwa Mjapadhola wa Tororo, na kwa kuwa baba yake alikuwa askari wa magereza, Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi, kisicho na mapambo. Alilizunguka lori, akachuchumaa nyuma, akacheka.

"Bwana, umebeba nini? Mlima?"

"Hakuna kitu. Iko tupu."

"Tupu gani inalala hivi?"

Mpiga nyundo wake, Maxwell, mtu mkubwa wa mabega, alikanyaga gurudumu na kuchungulia ndani ya bodi. Akatangaza kwamba ameona ganda moja la kitunguu, na pengine ndilo zito. Tukacheka sote, hata mimi.

Lakini Shakul alikuwa na wasiwasi, nami niliuona. Alieleza kwamba springi zile zilikwisha kukunjwa upya Mbale, zikakunjwa tena Soroti, na kila mara zilikaa siku chache tu kisha zikalala bapa. Tena hazikulala kwenye barabara mbovu. Zililala mijini. Akipita mtaani na gari tupu, wakati jua liko utosini, alihisi nyuma inashuka kidogo. Ikatulia. Ikashuka tena. Mteremko wa Sironko gari lilimsukuma kama limejaa, breki zikatoa moshi, akaponea ukingoni. Aliposimama kuangalia, hakukuwa na kitu nyuma.

Odongo alimwita Maxwell alete jeki. Wakaanza kazi.

Walizuia magurudumu ya mbele kwa mawe, wakainua chesi kwa jeki na kuikalisha juu ya magogo. Kisha wakafungua zile bolti zilizopindwa kama herufi U, ambazo hufunga springi kwenye ekseli, wakagonga pini za kila ncha, na springi ikashushwa chini kwa mikono ya watu wawili. Ilikuwa majani ya chuma yaliyolaliana, refu juu, fupi chini. Odongo hakugusa bolti ya katikati mpaka alipoibana springi yote kwenye jiriwa.

"Hii kitu iko na hasira, mzee," aliniambia. "Ukifungua bila kubana, inakuua."

Majani yalipoachana, aliyageuza juani na kuninyooshea kidole. Mahali yaliposuguana yaling'aa kama shilingi mpya. Alisema gari tupu halisugui hivyo. Springi hii, alisema, asubuhi hii hii imebeba mzigo uliokuwa unasogea.

Alichora kwa chaki upinde unaotakiwa juu ya sakafu ya saruji. Maxwell akachukua jani moja moja na kulipiga juu ya fuawe, bila moto, akianzia katikati kwenda nchani, mpaka kila jani likalala sawasawa juu ya mstari wa chaki. Alifanya kazi akiimba chinichini. Walipaka grisi, wakayafunga tena, wakazirudisha springi mahali pake na kuondoa jeki. Mkazo wa mwisho wa bolti zile za U hufanywa gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake lenyewe, kwa hiyo Maxwell alipiga goti kando ya gurudumu la nyuma na spana yake. Lori lilikuwa limesimama vizuri sasa, mgongo juu.

Shakul alifurahi. Wafanyakazi wa karakana za jirani walikuwa wamekaa kwa mama mmoja muuza chakula, wanakula. Shakul akaupiga ubao wa nyuma kwa kiganja na kuwaita kwa mzaha.

"Haya, panda gari! Panda gari, twende Mbale!"

Wale vijana walitabasamu. Yule mama, ambaye alikuwa mtu wa umri wangu, aliweka upawa chini, akaingia ndani na kufunga mlango.

Springi zikalia.

Kwanza upande wa kushoto, kidogo. Kisha kulia. Nyuma ya lori ikainama, ikatulia, ikainama tena. Ndivyo gari linavyofanya mtu mzima anapokanyaga na kuingia. Akaingia mmoja. Akaingia mwingine. Na mwingine.

Bodi ilikuwa tupu. Jua lilikuwa kali. Niliona mbao za sakafu yake kupitia mianya, na mbao zilikuwa zinapinda.

Odongo alinong'ona, "Maxwell. Toka."

Maxwell aliinua uso kuuliza kuna nini. Jani likakatika. Ulikuwa mlio wa risasi, sina mfano mwingine. Kipande cha chuma kilimpata chini ya sikio na kuondoka na taya lake la chini. Hakuanguka. Alisimama wima, akapeleka mkono mahali kidevu kilipokuwa, akatutazama mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyesahau neno. Kisha akaketi juu ya ule mchoro wa chaki. Damu ilikimbia ikafuata mstari, upinde wote, ncha hadi ncha.

Alikufa kabla hatujapata gari la kumpeleka hospitali. Watu walipokuwa wanamfunika, nilienda nyuma ya lori. Ubao ulikuwa na vumbi kwa ndani, na kwenye vumbi, ukingoni juu, kulikuwa na alama za mikono iliyoshika kutokea ndani. Zilikuwa nyingi. Mmoja wa mikono ile ulikuwa na vidole vitatu vilivyokwenda upande, vimevunjwa.

Niliujua mkono ule kwa kusimuliwa. Sikumwambia mtu. Nilirudi Mbale kwa basi.

Polisi waliandika ajali. Maxwell alizikwa kwao. Odongo alitia jani jipya mahali pa lile lililokatika, akamwambia Shakul kwamba lori haliwezi kubaki uani kwake hata siku moja zaidi, na kwamba yeye mwenyewe atalisindikiza mpaka Mbale. Maxwell alikuwa kaka wa mke wake, Juliet. Baada ya mazishi Juliet alimuuliza mumewe swali moja tu, kulikuwa na nini ndani ya gari, na Odongo akaanza kufungasha vifaa vya safari.

Walifika Nkoma, mtaa wa hapa Mbale ambako Hajarah aliishi na Shakul na mkewe, siku ya kazi, kabla ya adhuhuri. Mimi nilikuwa kwa dada yangu, tumekaa barazani. Hajarah haoni vizuri tena. Alikuwa anachambua maharage kwa vidole. Lori lilikuwa bado chini kwenye kona, nyuma ya bodaboda, hatujaliona, alipoacha ungo ukaanguka na maharage yakamwagika mpaka uani.

"Gari hilo limerudi," alisema.

Nilimuuliza gari lipi.

"Lililomchukua mume wangu. Sikiliza springi zake."

Hajarah hakuwahi kunisimulia siku ile yote kwa mfululizo mpaka hapo. Mimi wakati ule nilikuwa mahakamani, na niliporudi nilikuta mtaa umenyamaza. Yeye aliona kila kitu kutoka dirishani, akiwa na mimba ya baba yake Shakul. Waliwalaza watu barabarani kifudifudi na kuwavua viatu. Asumani Gidudu, fundi cherehani, alisema ana suruali za wateja za kupeleka, akapigwa kitako cha bunduki mdomoni, akameza meno yake. Aisa Nangobi, Msoga aliyeuza ndizi, aliuliza wanapelekwa wapi, akainuliwa kwa nywele. Kisha yakaja yale maneno mawili, panda gari. Waliwarusha juu ya wenzao kama magunia, na askari wakasimama juu ya migongo yao, na lori likalala nyuma kwa uzito. Badiru Wanyera, mume wake, alishika ubao wa nyuma, akataka kumwambia mkewe jambo. Askari mmoja alimponda vidole kwa kitako cha bunduki. Kimoja. Cha pili. Aliachia kwenye cha tatu. Lori likaondoka, springi zikilia mpaka konani. Hawana kaburi mpaka leo.

Alipomaliza, Shakul na Odongo walikuwa wameshaingiza lori uani, wamesimama wanasikiliza. Jaliah alikuwa mlangoni, ameshika tumbo.

"Waliambiwa wapande," Hajarah alisema. "Nani aliwaambia washuke?"

Nami nilikuwa nafikiri juu ya sarufi. Shuleni tulifundishwa kwamba watu wengi huambiwa pandeni. Askari wale hawakusema pandeni. Walisema panda, kana kwamba wanamwamuru mtu mmoja, na walisema hivyo tena na tena, kwa kila kichwa. Basi kila mmoja aliamriwa peke yake. Kama ni kushuka, kila mmoja angepaswa kuitwa peke yake, kwa jina lake kamili, kama tulivyokuwa tunawaita mashahidi.

Niliwaambia hivyo. Jaliah alisema lori lichomwe moto, liishe. Shakul hakuwa anacheka tena tangu Maxwell, lakini alikataa. Alisema hawezi kuchoma kinachomlisha yeye na mtoto anayekuja.

"Fanyeni yenu, babu," alisema. "Lakini mimi nataka gari langu."

Nilimwambia kitu kimoja, na nilikisema mbele ya wote. Katika ua huu mna Wanyera wawili, aliyechukuliwa na aliyepewa jina lake. Kwa hiyo jina hilo lisitamkwe peke yake, na Shakul asimame nje ya lango mpaka nimalize. Akisikia anaitwa, asiitike. Aliahidi. Hajarah naye aliitikia kwa kichwa.

Odongo alishusha ubao wa nyuma, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya springi ya kulia. Mimi nilisimama nyuma ya bodi. Mchana ulikuwa mweupe. Msikitini walikuwa hawajaadhini.

"Asumani Gidudu," nilisema. "Shuka."

Kisha springi ikalia kidogo na kuinuka, upana wa kidole. Chini ya ubao, kwenye vumbi, unyayo mtupu ukajichapa. Ukafuata wa pili. Nyayo zikapita kando yangu kuelekea langoni. Sikugeuka kuzitazama.

"Aisa Nangobi. Shuka."

Ikainuka tena. Nyayo ndogo.

"Nuru Mafabi. Shuka."

Huyu alikuwa muoka mikate. Haikuinuka. Nikarudia. Haikuinuka. Ndani ya bodi mtu akagonga mbao kwa ngumi, mara kadhaa, kama abiria aliyepitishwa kituo chake. Odongo alifumba macho. Ndipo nikakumbuka. Mahakamani niliandika Nuru, kwa sababu ndivyo neno lilivyo. Lakini mwenyewe alijiita Nulu, na mama yake alimwita Nulu, na ndivyo ilivyokuwa juu ya mlango wa duka lake.

"Nulu Mafabi. Shuka."

Springi iliinuka kwa nguvu. Nyayo zake ziliacha weupe kwenye vumbi, kama za mtu aliyekanyaga unga.

Niliwaita wengine wa mtaa ule, wote ninaowajua. Kila mmoja alishuka. Lori lilikuwa linapanda taratibu, mgongo ukirudi, nami nilianza kuamini kwamba tutamaliza salama.

"Mmoja," Odongo alinong'ona. "Imebaki mmoja tu."

Kisha akasema jambo ambalo ni la kazi yake tu, kwa sauti ya chini, wala hakumwambia mtu. Alisema bolti za U zimelegea. Zilikazwa springi zikiwa zimelemewa, na sasa zilipoinuka nati zilikuwa zinacheza. Alisema zitahitaji kukazwa, baadaye.

Shakul alisikia. Alikuwa amesogea kutoka langoni hatua kwa hatua, kama wanavyofanya wenye magari wanapoona fundi ameshika gari lao. Mimi nilikuwa nimempa mgongo. Odongo alikuwa amefumba macho. Shakul alichukua spana kwenye mfuko wa vifaa, akalala chali, akajisukuma chini ya lori upande wa kulia, akaingiza kichwa katikati ya chesi na ekseli ili aione nati.

Nilivuta pumzi niseme Badiru Wanyera.

Hajarah alinitangulia. Alikuwa amesimama ukingoni mwa baraza, mikono mbele. Alikuwa amesikia mmoja, imebaki mmoja, na alikuwa amemngoja mtu huyo tangu ujana wake. Hakusema jina kamili. Mke hamwiti mumewe hivyo.

"Wanyera," alisema. "Njoo."

"Naam."

Zilikuwa sauti mbili. Moja ilitoka chini ya gari. Nyingine ilitoka juu, ndani ya bodi.

Lori likaanguka. Hakuna kilichokatika, na magogo wala jeki havikuwepo vya kuteleza. Springi zote zililala kwa pamoja, chuma juu ya chuma, kama mtaa mzima umerushwa ndani kwa mara moja. Chesi iliikuta ekseli. Kichwa cha Shakul kilikuwa katikati.

Miguu yake ilipiga vumbi. Mkono ulikuwa bado umeshika spana, na spana ilikuwa bado juu ya nati. Uligeuza robo. Ukarudi. Ukageuza robo tena. Damu ilitoka chini ya lori ikaja mpaka viatuni mwangu, na mkono ulikuwa bado unakaza.

Kisha ukaacha.

Odongo alikuwa anapampu jeki na kulia bila sauti. Jaliah hakupiga kelele. Aliketi chini pale pale mlangoni, akaanza kuokota maharage yaliyomwagika, moja moja, akiyaweka kwenye ungo. Chesi ilipoinuka tulimtoa Shakul kwa miguu. Sitaandika uso ulikuwaje. Hakukuwa na uso.

Nilipoinuka ndipo nilipoziona nyayo. Za mwanamume, mguu mtupu, mkubwa. Zilianzia chini ya ubao wa nyuma, zikapita katikati ya damu, zikawa nyekundu, zikapanda baraza. Nyayo za wengine wote zilikuwa zimeelekea langoni. Hizi zilifika kizingitini mwa Hajarah zikaingia ndani. Hazikutoka.

Tulimzika Shakul siku ile ile, kabla ya magharibi. Dada yangu hakulia. Wanawake waliokuja kukaa naye matangani walimkuta mtulivu, tena mchangamfu. Kitanda chake ni cha chuma, cha zamani, kile chenye springi chini ya godoro, na amekilalia peke yake tangu mumewe alipochukuliwa. Twaibah wa jirani aliingia chumbani kuchukua mkeka. Aliona godoro limebonyea upande wa ukutani, urefu wa mtu. Alinyoosha mkono aisawazishe shuka. Hajarah alimshika kifundo cha mkono.

"Usimwamshe," alisema.

Twaibah hajarudi tena katika nyumba ile. Mimi narudi, kwa kuwa ni dada yangu. Chai huwa imemiminwa vikombe vitatu.

Jaliah alijifungua salama, mtoto wa kiume. Nilikuwa nimeugua wiki ile, sikufika. Nilipofika walikuwa wameshampa jina, kama desturi yetu ilivyo mtu anapofariki mtoto akiwa tumboni. Wamemwita Wanyera.

Lori liko pembeni mwa barabara, chini ya Nkoma. Magurudumu yameondolewa, ekseli imekaa juu ya magogo, na maneno yale yamefutwa kwa rangi nyeusi. Hakuna anayelinunua, hata kwa chuma chakavu. Odongo alikuja mara moja kutoka Jinja. Alipima springi za pande zote mbili kwa uzi, akapima tena, kisha akakaa chini na kuwasha sigara. Aliniambia upande wa kulia umelala kidogo kuliko wa kushoto. Si sana. Mtu mmoja.

"Ni kijana," alisema. "Mzee, huyu si mzito."

Majuzi Jaliah alikuja kwangu na mtoto mgongoni. Aliongea polepole, kwa adabu, kama mtu anayeomba kitu kidogo. Alisema mimi ndiye ninayejua kuita, nami ndiye ninayejua majina. Twende mchana mmoja, nimwite Shakul, ashuke.

Nilimwambia jina hilo sasa ni la watu watatu. Nilimwambia hata nikilitamka lote, herufi kwa herufi, sijui nani ataitika. Alipokuwa anainuka kuondoka nilimwita nimpe mwavuli wake, nikasema mama Wanyera, na yule mtoto, ambaye bado hajui kusema, aligeuza kichwa haraka na kutoa sauti.

Tangu siku hiyo nikipita pale chini sitamki neno lolote. Lakini nimewahi kufika nyuma ya lori, nikachungulia. Mkono ule wenye vidole vilivyovunjika haupo tena kwenye ubao. Mahali pake, ukingoni juu, upo mkono mwingine ulioshika kutokea ndani, vidole vitano, vyote vimenyooka. Huu si wa vumbi. Ni wa grisi nyeusi, ile ya springi. Mvua imenyesha juu yake msimu mzima, na Odongo aliusugua kwa petroli akashindwa.

Niliugusa kwa ncha ya kidole. Grisi ilikuwa mbichi, na ilikuwa na joto.